Mashua Inayoogopa Mvua

Jumatatu, 5 Agosti 2002

Joto la kuivisha mayai. Siku mbaya kuliko zote tangu niajiriwe.

Gillespie, mkuu wetu, alituita asubuhi na uso wa mtu aliyetoka msibani. Akasema Washington wanapunguza matumizi. Vyumba viwili ni vingi, kimoja kitafungwa: ama changu cha hali ya hewa, ama cha bahari, cha Odessa Crumley. Kitakachofungwa, nafasi yake itachukuliwa na jedwali la wastani. Ijumaa ya wiki ijayo wakubwa watakuja hapa Titusville kuona mwigo mzima, yaani urushaji wetu wa roketi wa kuigiza, na hapo hapo wataamua.

Jedwali la wastani! Miaka kumi na moja nimefuga mawingu ndani ya kompyuta ile. Najua yanavyozaliwa juu ya vinamasi adhuhuri, yanavyonenepa, yanavyoanza kugombana. Wastani wa mbingu za Florida ni manyunyu kidogo na jua kidogo kutwa nzima. Siku ya namna hiyo haijaonekana hapa tangu dunia iumbwe. Huku mvua inakuja na ngoma zake, na ikiondoka unaanika nguo.

Nikifa kwa uchungu na mtu akaokota daftari hili, ajue kazi yetu. Tunarusha roketi ambayo haipo. Roketi na jukwaa lake vimo kwenye kompyuta ya Truett, kule Huntsville, Alabama. Bahari na vyombo vyake vimo kwa Odessa, mlango wa pili. Mbingu ni zangu. Gillespie ana chumba cha kuongozea. Tumeunganishwa kwa mtandao, na sheria ni moja: hakuna kompyuta inayosonga hata dakika moja mbele mpaka zote zimesema tayari. Kama familia inayokwenda kanisani. Gari haliondoki mpaka Nadine, mke wangu, amepata viatu.

Tunatafuta kujua kama roketi mbili zinaweza kurushwa wiki moja, majukwaa jirani, bila watu kukanyagana. Tunakosea sisi huku ili wasikosee wale wa kweli, wanaokalia mafuta yote yale. Nikifikiria hilo naona kazi yetu ina heshima kubwa. Kisha namwona Odessa.

Alikuja mkutanoni na pudini ya ndizi. Mkutano wa kufukuzana kazi, mtu analeta pudini! Akanipakulia mimi kwanza, bakuli limejaa. Hila tupu. Nilikula mara mbili ili ajue simwogopi.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango wa kwanza. Lazima waone kwamba bila mbingu zangu hakuna kinachoendelea. Nikaongeza radi.

Pengine niliongeza sana. Hesabu ya kurusha ikaanza, radi. Ikaanza upya, radi. Truett akauliza kwenye spika ya simu: “Harlan bwana, hiyo ni mvua au gharika? Niambie mapema nianze kukusanya wanyama wawili wawili.” Chumba kizima kikacheka. Nikasema Agosti ni Agosti.

Gillespie akataka kujua kama radi zote hizo zimetokana na vipimo vya kweli. Nikajibu kwamba zinawezekana. Akasema mambo mengi yanawezekana, hata yeye kuota nywele upya. Kisha akatazama chungu.

Chungu ndiyo desturi yetu. Wenzetu wanaorusha roketi za kweli hula maharagwe na mkate wa mahindi kila zikipaa salama. Sisi tumeiga. Roketi yetu ni ya uongo lakini maharagwe ni ya kweli, tunapika kwa zamu kwenye chungu cha umeme. Roketi isipopaa, hakuna anayegusa kijiko. Leo yamenukia mpaka jioni na yameishia kwenye friji. Gillespie akanong'ona kwamba jedwali la wastani lingemwacha mtu ale.

Nimeona nilipokosea. Nilikuwa najisifu mwenyewe. Mtu mwenye akili hajisifu, anamharibia mwenzake.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata! Nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kazi ya Odessa ni kuhakikisha bahari iliyo chini ya njia ya roketi haina mtu. Kipande hicho kinafungwa kila tunaporusha. Mashua moja tu ikiingia, hesabu inasimama. Na mtu yeyote mwenye neno la siri anaweza kuunganisha kompyuta mpya kwenye mwigo. Neno la siri ninalo. Tunalo sote, ni jina la mbwa wa Gillespie.

Kwenye stoo ya mafagio kuna kompyuta kuukuu. Nimeiamsha. Nimeifanya mashua ya kuvulia kamba wa baharini. Itakwenda pale palipofungwa, itasimama, haitajibu redio. Wakubwa watauliza huyu mama wa bahari anashindwaje kufukuza mashua moja. Naye atalazimika kufungasha, na pudini yake.

Ijumaa, 9 Agosti

Mashua inakwenda vizuri. Tatizo ni nahodha.

Manahodha wa Odessa hawatazami juu. Wanatoka, wanavua, wanarudi, hata mvua ya mawe ikinyesha. Bahari yake haisomi mbingu zangu hata kidogo, inasoma upepo basi. Nami nilitaka wangu awe hivyo hivyo, asitofautiane na wengine. Nilijaribu asubuhi nzima. Mkono ukakataa. Mtu mzima, ana mke na watoto, anaona wingu jeusi lenye kichwa bapa linamjia, halafu anaendelea kuvuta nyavu? Mimi siwezi kuandika upumbavu wa aina hiyo.

Nikampa macho. Wingu langu likinenepa, akimbilie bandarini. Likitawanyika, atoke tena kwenda kukaa pale palipofungwa. Mistari michache tu. Nani atagundua?

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya kanisa tulikaa mtoni, Nadine na mimi, na chai ya barafu. Akanitazama sana. Akasema: “Mpenzi, ukiwa na uso huo huwa kuna kitu kitavunjika.” Akanikumbusha shindano la nyama choma mtaani, nilipolowesha makaa ya jirani, na jirani akashinda kwa sababu nyama yake iliiva polepole. Nikamwambia ile ilikuwa bahati mbaya. Akasema bahati mbaya yangu inajua njia ya nyumbani.

Akauliza kama ni kuhusu Odessa. Nikajimiminia chai. Akasema huyo Odessa ndiye aliyetuletea chakula wiki nzima yeye Nadine alipovunjika mguu. Nikasema hapo ndipo anapotakiwa kuona jinsi alivyo mjanja: alianza kujipanga mapema. Nadine akasimama akaenda kutafuta kivuli.

Nikabaki natazama mawingu yakijenga ng'ambo ya mto. Miaka yote hii sijaona mawili yanayofanana. Nilianza kazi nikidhani siku moja nitayamaliza, nitajua yote. Sasa najua kiasi cha kuogopa tu, na nadhani hiyo ndiyo faida yangu kwa watu: mtu wa kuogopa kwa niaba yao. Jedwali haliogopi. Likichukua nafasi ya chumba changu, siku fulani mtu ataketi juu ya roketi ya kweli na karatasi itamwambia mbingu ni za wastani. Hilo linaniuma kuliko mshahara.

Kwa hiyo mashua ni jambo la haki kabisa.

Jumatatu, 12 Agosti

Mwigo wa majaribio. Niandike taratibu.

Asubuhi ilikuwa tamu. Mashua ikaingia palipofungwa, hesabu ikasimama. Odessa akaita kwa redio, kimya. Akaita kwa upole, “Ewe nahodha, tafadhali sogea, tunataka kurusha.” Kimya. Nilijiuma midomo nisicheke.

Kisha dunia nzima ikaganda. Roketi ya Truett, bahari, mbingu zangu, vyote. Saa ya mwigo imesimama. Kwenye skrini ya Gillespie maandishi machache tu: nasubiri mmoja. Nilikuwa nimesahau kwamba mashua yangu nayo ni mwanachama. Nayo lazima iseme tayari. Na ilikuwa haisemi.

Gillespie akatafuta mtu mwenye uzoefu wa kumsaka mkosaji. Akanichagua mimi.

Nilisaka kwa bidii. Nilimpigia Truett na kumshuku waziwazi. Akasema: “Bwana, mimi niko tayari tangu jana. Labda ni mbingu zako zimechoka kulia.” Nikakagua nyaya. Nikaingia chini ya meza ya Odessa na tochi. Yeye akaniinamia akasema taratibu, “Bwana Harlan, kikulacho ki nguoni mwako.” Nikagonga kichwa.

Nilipopata upenyo nikakimbilia stoo. Lo! Kompyuta imezimwa. Soketi ni moja tu mle ndani, na humo umechomekwa waya wa chungu. Maharagwe yanatokota raha mustarehe. Leo ilikuwa zamu ya Odessa kupika, akatafuta mahali ambapo harufu haitatusumbua. Tumeshindwa kusonga mbele kwa sababu ya chakula cha kusherehekea kusonga mbele!

Nikasikia hatua. Odessa mlangoni, mwiko mkononi. Nikamwambia nilikuja kunusa. Akasema basi onja. Nikaonja, nikaungua ulimi. Akauliza chumvi. Nikasema, “Imekolea, Bi Odessa.” Akasema samahani, kulikuwa na kompyuta kuukuu hapa, ilibidi aichomoe, hajui kama kuna anayeitumia. Nikasema hakuna. Hakuna kabisa! Akanitazama kwa muda mrefu. Akasema hata hivyo si vizuri kuacha kitu cha watu kimezimwa, labda kina mwenyewe. Akaleta waya wa kuongezea, akavichomeka vyote viwili.

Kompyuta ikaamka, ikajiunga, ikasema tayari. Dunia ikaendelea. Gillespie akanipongeza mbele ya wote kwa kutatua tatizo. Nikasema ilikuwa hitilafu ya mtandao.

Roketi haikupaa. Mashua ilikuwa bado imekaa palepale.

Jumatano, 14 Agosti

Anajua. Nimekwisha.

Tulikutana na Odessa kwenye kahawa. Akauliza, kana kwamba anauliza habari za nyumbani, mashua za kweli hufanya nini mvua ikija. Nikasema hata mtoto anajua: zinakimbilia bandarini. Na mvua ikiisha? Zinatoka tena, zote kwa pamoja, kila mmoja anawahi kamba. Akauliza: na mbingu zikifunguka, si ndipo sisi tunaporusha? Nikasema ndipo, tutarusha lini tena? Kijiko chake kikasimama ndani ya kikombe. Mwisho akasema, “Nahodha wako ana akili kuliko wangu wote.”

Wako!

Nikaenda stoo kuiua mashua. Nikachelewa. Gillespie ametangaza kwamba kuanzia leo hakuna kompyuta kuingia wala kutoka mpaka wageni waondoke, maana anaogopa dunia kuganda tena mbele ya Washington. Nikiichomoa, kila kitu kinasimama na mimi ndiye mtaalamu wa kutafuta sababu. Nikiiacha, Odessa atanyoosha kidole Ijumaa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo wasemavyo, ila hawasemi kwamba kisimani mna harufu ya maharagwe.

Chumba cha Odessa milango imefungwa tangu mchana. Nasikia anaandika kwa kasi. Bila shaka ni mashtaka yangu.

Nadine kaniuliza nimekula nini. Nikamwambia aanze kuzoea kuishi na mtu asiye na kazi. Akasema amezoea kuishi na mengi.

Ijumaa, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Wakubwa walikuja watatu, tai zimebana shingo. Mwigo ukaanza. Nilikuwa nimejipanga: akinitaja tu, nitasema kompyuta ya stoo ni ya mtangulizi wangu, marehemu.

Mchana wa mwigo wingu langu likajenga. Zuri sana, niseme ukweli, sijawahi kutengeneza lililo bora. Hesabu ikasimama kusubiri. Mashua yangu ikageuka ikakimbilia bandarini. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mashua zote za Odessa zilikuwa zinakimbia pia. Zote! Amezipa macho. Ndicho alichokuwa akiandika siku mbili.

Wingu likatawanyika. Mbingu safi. Mimi nikasema hewa iko tayari, Truett akasema roketi iko tayari, Gillespie akainua mkono kutoa ruhusa. Hapo hapo bandari ikafunguka, mashua zikamiminika kama watoto wakitoka shuleni, moja kwa moja hadi pale palipofungwa. Hesabu ikasimama. Tukajaribu siku inayofuata ya mwigo, ikawa vilevile. Ucheleweshaji wa roketi ya kwanza ukala siku za roketi ya pili. Roketi mbili kwa wiki, Agosti, hapa kwetu? Sahau.

Mmoja wa wakubwa akauliza ilikuwaje hakuna aliyeliona jambo hili. Odessa akasimama. Nikashika kiti.

Akasema ni kwa sababu bahari na mbingu zimewekwa vyumba tofauti. Mbingu zinajua mvua inakwisha lini, bahari inajua watu wako wapi, na hakuna aliyewakutanisha. Ukiweka jedwali mahali pa chumba kimoja, hawatakutana kamwe, na siku moja kosa hilo litatokea na watu ndani. Kisha akasema: “Mwenzangu Bwana Harlan ndiye aliyelihisi. Alijaribu kimyakimya na mashua moja, hakutaka sifa. Mimi nimemfuata tu.”

Watu wakageuka kunitazama. Mkubwa mwenye miwani akaja kunishika mkono. Ameniambia amekaa kazini miaka mingi na ni nadra kukutana na mtu mnyenyekevu hivi.

Uamuzi: hakuna chumba kinachofungwa. Ukuta wa katikati unabomolewa. Mbingu na bahari chumba kimoja, Odessa na mimi.

Roketi haikupaa, kwa hiyo kwa desturi hakuna maharagwe. Lakini Truett akasema kwenye simu: “Kosa lililokamatwa mapema ni roketi iliyopaa. Kuleni jamani, mnaniua kwa njaa hata huku.” Gillespie alikuwa na sahani mkononi kabla hajamaliza. Odessa akanipakulia mimi kwanza, bakuli limejaa. Akaninong'oneza kwamba mawingu yangu ni mazuri, kwamba miaka yote hii huyasikiliza kupitia ukuta ninapoyasoma kwa sauti.

Nikataka kumwambia jambo, nadhani ilikuwa asante. Nikasema mkate wa mahindi umekauka kidogo.

Jumatatu, 19 Agosti

Ukuta umebomolewa. Vumbi kila mahali. Nimepata mwishoni mwa juma nafasi ya kutafakari kwa utulivu, na sasa naona yote wazi.

Kwanza, alinipora. Nilifanya hujuma ya kiume kabisa, yeye akaigeuza kuwa mchango wangu kwa taifa. Sasa siwezi kumlaumu wala kujisifu. Nani hufanya hivyo kwa adui, kama si mtu hatari sana? Pili, ameniachia meza ya dirishani. Anasema mimi ndiye wa mawingu, lazima niyaone. Najua ni kwa nini: jua la asubuhi litanipofusha, yeye atabaki anaona. Nimemwambia Nadine. Amecheka mpaka akakaa chini.

Tatu, leo kaleta pudini tena. Nimekula mara tatu, macho kwenye skrini.

Siwezi kukubali. Chumba kimoja hakiwezi kuwa na wakuu wawili. Kompyuta ya stoo bado inafanya kazi, na neno la siri bado ni mbwa yuleyule. Mchana, Odessa alipokwenda kupika, nimeingiza mashua ya pili. Safari hii nimejihadhari. Nahodha huyu hana macho. Hatazami juu, haogopi, hana mke, hajui mvua ni nini. Hakuna atakayemhusisha na mimi.

Saa moja baadaye: nimemwekea dirisha dogo tu.

Saa mbili baadaye: na mke.